Betri ya tela la kambi inakufa kila baada ya masika: ichajiwe vipi tela likiwa limeegeshwa?

Tela_Njiro

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua betri za matela ya kambi.

Tela linavutwa na Land Cruiser kwenye mizunguko ya Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Kati ya safari na safari linakaa wiki moja hadi tatu, na masika yote linaegeshwa bandani Arusha, kama siku 65 hivi.

Betri ni moja, ya maji, ile inayouzwa kama betri ya sola, volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wake), ina miaka miwili. Inaendesha friji ya kompresa ya lita 45, taa za LED, pampu ya maji, soketi mbili za USB zenye taa ya bluu, king'ora cha gesi na kifaa cha GPS cha kufuatilia tela. Inachajiwa na gari kupitia plagi ya pini 7, ile ile ya taa za nyuma.

Mwisho wa Machi, mara tu gari lilipozimwa, betri ilisoma 12.5. Juni imesoma 10.9. Chaja ya ukutani ya ampea 10 imewasha taa ya kijani baada ya saa mbili tu, na mita ikaonyesha 12.7. Safari ya kwanza, friji imezima saa saba usiku.

Je, betri hii inaokoleka? Na kati ya safari ichajiwe vipi? Pia fundi mmoja anasema inanyonywa chaji kwa sababu inakaa juu ya sakafu ya saruji. Ni kweli?

---

Volti12_Arusha

Mkuu, jibu liko kwenye hiyo taa ya kijani ya saa mbili. Chaja ya ampea 10 ikifanya kazi saa mbili haiwezi kuingiza zaidi ya Ah 20. Betri ya Ah 100 iliyoshuka hadi 10.9 inadai zaidi ya Ah 100, maana sehemu ya chaji huishia kwenye joto na mapovu. Kwa hiyo usiisome ile taa kama "imejaa". Betri imekataa kupokea.

Betri ya risasi ikitoa umeme, mabamba yake hupakwa salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo bado ni laini na inarudi kwenye asidi. Ukiiacha wiki kadhaa inageuka fuwele ngumu na kuziba uso wa bamba. Fikiria ndoo: volti ni kimo cha maji, salfeti imeibana ndoo ikawa nyembamba kama bomba. Kimo kinapanda haraka sana, mita inafurahi, lakini maji yenyewe ni vikombe viwili. Ndiyo maana umeona 12.7 mchana na friji imezima usiku.

Halafu ile 12.5 ya Machi ilikudanganya. Umepima gari likiwa limetoka kuzimwa, na betri iliyotoka kuchajiwa hubeba volti za juu juu ambazo zinashuka baada ya saa chache. Ungepima asubuhi yake ungekuta 12.2 au 12.3. Maana yake tela liliegeshwa na betri nusu, kisha likaachwa siku 65 na vifaa vinavyokula kimya kimya.

Kwa betri ya maji iliyopumzika saa 6 au zaidi bila mzigo wala chaji, soma hivi:

12.6 hadi 12.7: imejaa
12.4: robo tatu
12.2: nusu
12.0: robo
11.8 kushuka chini: tupu

Chini ya 12.4 usiiache hata wiki. Hapo ndipo salfeti inaanza kuganda.

Jaribu kuiokoa kabla ya kununua nyingine. Itoe kwenye tela kabisa, iweke mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na mtungi wa gesi. Fungua vifuniko vya seli sita, uhakikishe maji yamefunika mabamba. Kama bamba liko wazi, ongeza maji ya betri hadi lifunikwe tu. Kujaza kamili ni baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa chaji na ukijaza mapema asidi itamwagika nje. Chaji kwa ampea 10 hadi ifike volti 14.4 mpaka 14.8, ushikilie hapo. Kila saa pima kila seli kwa hidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Usomaji usipopanda kwa vipimo vitatu mfululizo, chaji ya kawaida imefika mwisho wake.

Kama bado seli zinatofautiana kwa zaidi ya 0.030, fanya chaji ya kusawazisha: volti 15.5, ampea 3 hadi 5, kwa saa mbili mpaka nne, ukipima kila saa. Betri ikipata joto la nyuzi 45 simamisha, ipoe. Hii ni kwa betri ya maji peke yake. AGM (asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo) au jeli ukiipeleka 15.5 inapoteza unyevu ambao huwezi kuurudisha. Na usithubutu kuifanya betri ikiwa imeunganishwa na friji au taa, utaunguza kila kitu.

Ikijaa, hidromita isome karibu 1.265. Baadhi ya betri za nchi za joto hujazwa asidi nyepesi zaidi, kwa hiyo tazama lebo kwanza, na linganisha seli na seli. Tofauti ikibaki 0.050 kwa seli moja baada ya kazi yote hiyo, seli hiyo imekwisha.

Na tafadhali, usiipeleke kuchajiwa kwenye zile chaja kubwa za transfoma zisizo na kidhibiti, ambazo betri kumi zimepangwa zikichemka usiku kucha. Zinaamsha betri ya lori kwa dharura, lakini zinakausha maji na kupindisha mabamba. Betri ya kambi inataka chaja yenye hatua tatu: ampea nyingi kwanza, kisha volti 14.4 na kitu ikiwa inashikiliwa, kisha kushuka hadi 13.5 kwa ajili ya kukaa, ile mafundi wa sola wanaiita floti. Ampea za chaja ziwe asilimia 10 hadi 20 ya Ah za betri. Yako ya 10 inatosha, ila ipe usiku mzima na asubuhi yake, siyo saa mbili.

Kuhusu saruji: hapana. Gamba la betri ni plastiki, halipitishi umeme kwenda sakafuni. Kinachonyonya ni uchafu wenye unyevu wa asidi juu ya betri, kati ya kichwa chanya na hasi. Futa kwa kitambaa chenye maji na magadi ya kuokea, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara ili magadi yasiingie kwenye seli, kisha kausha.

---

WayaMnene_Nanyuki

Ndugu, mwenzangu hapo juu amemaliza habari ya betri. Mimi nashughulika na nyaya, kwa sababu hata ukinunua betri mpya leo itakufa vivyo hivyo kama inachajiwa na ile pini moja ya plagi ya taa.

Hesabu ni fupi. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) una ukinzani wa kama omu 0.0075 kwa mita. Kutoka betri ya gari hadi betri ya tela ni mita 7, kurudi upande wa hasi mita 7 nyingine: jumla mita 14, omu 0.105. Betri ikidai ampea 15, volti 1.6 zinapotea njiani. Altaneta inatoa 14.2, betri ya tela inapata 12.6. Kwa volti hizo unaweza kuendesha kutoka Arusha hadi Seronera, siku nzima, na betri isivuke robo tatu. Na pini zikishika kutu na vumbi, hata hiyo haipati.

Weka waya wa 16, wa shaba, nyuzi nyingi nyembamba ili uweze kujikunja, chanya na hasi zote mbili. Usitegemee chesi na boli la kuvutia kurudisha hasi. Upotevu kwa ampea 15 unashuka hadi robo ya volti. Mwisho wake weka plagi ya Anderson ya ampea 50 yenye kifuniko cha mpira. Fyuzi ya ampea 50 karibu na betri ya gari, nyingine karibu na betri ya tela, zote ndani ya sentimita 30 kutoka kichwa cha betri. Watu wengi husahau ile ya upande wa tela. Waya ukichunika katikati, betri zote mbili zinamwaga umeme pale pale, na fyuzi moja inalinda upande mmoja tu.

Bora zaidi ni chaja ya DC kwa DC ya ampea 20 ndani ya tela, karibu na betri yake. Inapokea hata 12.5 kutoka kwenye gari na kuipandisha hadi 14.4 kwa hatua zote tatu. Kwenye gari jipya ambalo kompyuta inashusha altaneta ili kuokoa mafuta, hii ni lazima. Kwa Cruiser ya zamani unaweza kuishi na rilei (swichi inayounganisha betri mbili gari likiwaka) na waya mnene.

Friji nayo ina kidhibiti cha kukata volti zikishuka. Kiweke ngazi ya juu kabisa. Ni afadhali friji izime mapema kuliko kuifikisha betri 11.

---

Tela_Njiro

Asanteni sana. Betri iko kwenye chaji tangu jana. Nimepima ulaji wa kimya kimya, kila kitu kikiwa kimezimwa: miliampea 110. Nikichomoa fyuzi moja moja: GPS 45, king'ora cha gesi 35, soketi mbili za USB 30. Je, hiyo ni nyingi? Na GPS siwezi kuizima, tela liko kwenye banda lisilo na mlinzi.

---

Volti12_Arusha

Ni nyingi sana, mkuu. Miliampea 110 ni Ah 2.6 kwa siku. Kwa siku 65 ni zaidi ya Ah 170, yaani hata betri iliyojaa pomoni ingekwisha kabla ya siku ya 40. Hata miliampea 65 peke yake ingemaliza Ah 100 katika siku 65. Na hapo hatujaongeza chaji ambayo betri hupoteza yenyewe: ya maji hupoteza asilimia 5 hadi 15 kwa mwezi kutegemea umri na joto, AGM asilimia 1 hadi 3.

Kwa wengine watakaopima: chaji betri kidogo kwanza, toa waya wa hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, kati ya kichwa cha hasi na waya ulioutoa. Subiri dakika kumi vifaa vitulie. Usiwashe pampu mita ikiwa hapo, itakata fyuzi ya mita. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti papo hapo. Ukisahau ukaenda kupima volti, umefunga chanya na hasi ya betri kwa waya mtupu.

Weka swichi kuu ya kukatia betri. Soketi za USB, friji, pampu na taa zote zipite hapo. King'ora nacho unaweza kukikata tela likiwa limeegeshwa, lakini mtungi ufungwe kwenye valvu yake mwenyewe au utolewe kabisa. GPS ipate waya wake kabla ya swichi, na fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2. Waya wa chaji pia uungwe kabla ya swichi, ili ukate mzigo na bado uchaji.

---

Jua_la_Mwanza

Kwa hiyo iliyobaki ni GPS: miliampea 45, Ah 1.1 kwa siku. Hapo paneli ndogo inamaliza kazi na hutahitaji kukumbuka chaja.

Paneli ya wati 30 na kidhibiti cha chaji cha PWM (aina rahisi ya vidhibiti vya sola) cha ampea 5 au 10 vinatosha. Jua zuri likiwaka, paneli hiyo inarudisha Ah 6 hadi 7 kwa siku. Masika na mawingu ya Meru, hesabu theluthi yake, na bado unapata zaidi ya Ah 2. Inalipa GPS na upotevu wa betri yenyewe. Ila usitegemee iiamshe betri iliyolala. Kazi yake ni kuishikilia ile ambayo tayari imejaa.

Funga paneli juu ya bati la banda, siyo juu ya tela lililo ndani ya banda au chini ya turubai. Kivuli cha tawi moja kwenye kona kinaweza kuua zaidi ya nusu ya umeme, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo. Ipe mteremko wa nyuzi 10 au 15 ili mvua ioshe vumbi. Kidhibiti kiwe karibu na betri, betri iungwe kwanza ndipo paneli, na kutoa ni kinyume chake: paneli kwanza. Kidhibiti kinatambua kama mfumo ni wa volti 12 au 24 kwa kusoma betri. Ukianza na paneli kinaweza kukosea. Chagua aina ya betri: ya maji, au AGM, au jeli. Jeli inataka 14.1 au 14.2, usiipe 14.8.

Ukipenda chaja ya ukutani badala ya sola, kuna tatizo moja ambalo watu hawalioni. Chaja nyingi za kubonyeza, umeme ukikatika na kurudi, zinabaki zimelala zikisubiri mtu abonyeze tena. Unaacha chaja Aprili, umeme unakatika siku ya tatu, unarudi Juni unakuta betri imekufa na chaja imechomekwa vizuri kabisa. Ijaribu: iwashe, chomoa ukutani dakika tano, chomeka tena. Kama haianzi yenyewe, haifai kuachwa peke yake.

Joto nalo lina hesabu yake. Viwango vyote hapo juu ni vya nyuzi 25. Kwa kila nyuzi moja juu ya hapo punguza volti 0.03 hivi, maana yake kwenye banda la bati la Dar lenye nyuzi 35, floti ya 13.5 ishuke hadi 13.2. Kidhibiti chenye waya wa kupimia joto kinafanya hivyo chenyewe.

---

Maji_ya_Betri

Naongeza moja tu, maana kosa hili linaua betri nzima kwa dakika tano. Dukani kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, chupa zinafanana. Soma lebo. Betri inayotumika hupoteza maji, asidi haiendi popote; ukiongeza asidi unakula mabamba. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, yana madini. Ya bomba hayafai, na ya upande wa Arusha yana floridi nyingi juu ya chumvi nyingine. Ya mvua kutoka kwenye bati yana kutu. Jaza baada ya chaji, hadi milimita 3 chini ya shingo ya tundu. Angalia kila mwezi, hata tela likiwa limekaa.

Na boksi la betri liwe na tundu la hewa juu, kwa sababu haidrojeni inapanda. Gesi ya kupikia inashuka, hivyo boksi la mtungi liwe na tundu chini. Visikae pamoja.

---

Mswahili_Minnesota

Kwa wenzangu walioko huku baridi, mfumo ni ule ule ila hatari inabadilika. Betri ya risasi iliyojaa haigandi hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Ikiwa tupu inaganda kwenye kama 10 chini ya sifuri, na barafu inapasua gamba. Ijaze mwezi wa Oktoba kabla ya kulifunga tela, kata swichi, au itoe uiweke gereji na uichaji mara moja kwa mwezi. Matela ya zamani ya Marekani yana konveta (chaja ya ndani ya tela) isiyoshusha volti, inashikilia kama 13.6 mwaka mzima. Ukiliacha tela limechomekwa, maji yanakauka polepole, basi pima kila mwezi. Wenye lithiamu ya LiFePO4: iache kwenye asilimia 50 au 60, ikate, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kuitumia chini ya sifuri inawezekana, kuichaji kunaiharibu.

---

Tela_Njiro

Nimechaji saa 20, kisha kusawazisha saa nne. Hidromita: 1.250, 1.255, 1.250, 1.185, 1.250, 1.255. Baada ya kupumzika usiku inasoma 12.4.

---

Volti12_Arusha

Seli ya nne imekwisha, mkuu. Tofauti ni 0.070 na chaji ya kusawazisha haikuisogeza. Tano nyingine zimerudi vizuri, lakini ya nne ndiyo inayoamua kila kitu. Usiiunge sambamba na betri mpya, itakuwa inainyonya mpya usiku na mchana. Iuze chakavu, risasi ina bei.

Ukinunua, usishawishike na N70 ya kuwashia lori kwa sababu ni rahisi. Mabamba yake ni membamba kwa ajili ya mshtuko mmoja wa starta. Ukiishusha nusu kila usiku haimalizi msimu. Chukua ya sola Ah 100, au AGM kama mfuko unaruhusu, kwani barabara ya Ngorongoro inatikisa na ya maji inamwagika. Friji ya lita 45 inakula Ah 30 hadi 40 kwa siku ya joto, hivyo Ah 100 inakupa siku moja na kidogo kabla ya kugusa nusu. Tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye gamba na uende na mita yako: ikisoma chini ya 12.5 dukani, mwambie muuzaji akupe nyingine. Ichaji kamili nyumbani kabla ya safari ya kwanza.

Kabla ya masika ijayo ijaribu hivi: ikiwa imejaa, iwashie balbu ya wati 60, ambayo ni ampea 5, kwa saa 10, uzime, isubiri saa sita. Ikisoma karibu 12.2, ina uwezo wake. Ikishuka chini ya 11.8 kabla ya saa 10 kuisha, zima hapo hapo na uirudishe kwenye chaji siku hiyo hiyo.